Njiwa Wachukuzi wa Habari

Huenda ukadhani, ewe msomaji, kwamba maandishi ya ufundi hayana kicheko. Kanuni zinazoziwezesha kompyuta za dunia kupelekeana habari huandikwa katika hati zenye nambari, nazo kwa kawaida ni kavu kama ukuni. Lakini tarehe 1 Aprili 1990, Siku ya Wajinga, ilitolewa hati iitwayo RFC 1149, aliyoitunga David Waitzman. Humo alieleza, kwa lugha nzito isiyo na tabasamu, jinsi habari zitakavyochukuliwa na njiwa, zikiwa zimeandikwa katika karatasi iliyoviringwa mguuni.

Mzaha huo haukuishia karatasini. Mwaka 2001, mjini Bergen, nchini Norwei, wapenzi wa kompyuta waliifuata kanuni hiyo hatua kwa hatua, hali wakijua ni mzaha. Walituma maulizo 9. Yakarudi majibu 4 tu, na lililowahi kuliko yote lilichukua zaidi ya dakika 50.

Kanuni ilifuatika, ila haikufaa kitu. Basi usomapo hati yoyote, pima maana yake kwanza, wala usitishwe na uzito wa maneno. Tena usisahau kutazama tarehe.