Shaba Imetupita Mara Tatu

Leo tuongee historia, na si ile ya marais na uchaguzi. Ni ya kitu chembamba kuliko unywele wako, na kiko ndani ya simu unayosomea hapa.

Ukienda kwa fundi wa simu pale Kericho mjini akuambie "fleksi imekufa," anamaanisha ule utepe mwembamba wa rangi ya chungwa iliyoiva, unaojikunja bila kuvunjika. Ndio unapeleka umeme kutoka kwa tundu la chaji hadi kwa bodi, au kutoka kwa bodi hadi kwa kioo. Fundi anatoa ule mbovu, anaweka mwingine, unalipa, unaenda. Hakuna anayeuliza ulitengenezwaje. Mimi tangu niache chuo nina muda wa kuuliza maswali ambayo hayako kwa mtihani, basi nikauliza.

Jibu fupi ni hili: ule utepe ni plastiki iliyobeba ngozi ya shaba, na mara nyingi shaba hiyo imepakwa kwa umeme. Ukifuata historia yake unagundua shaba imepita mikononi mwetu mara tatu. Tumeivaa, tumeichimba, tumeibeba, tumeiiba. Kitu kimoja hatujafanya ni ile hatua ya mwisho, na pesa iko kwa hatua ya mwisho.

Mara ya kwanza ilikuja kama waya. Karne ya 19 misafara iliyotoka pwani ilibeba vitambaa, shanga na masango. Masango ni waya mnene wa shaba, na bara ilikuwa kama pesa: unanunua nayo chakula na pembe, au unamlipa mwenye njia akuache upite. Kwa mafundi wa huku ikawa bangili na hereni. Kisha Waingereza wakaleta reli na simu ya waya, ile telegrafu. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, ikipitia Lumbwa, pale tunaita Kipkelion leo. Ndugu zetu Wanandi wakaona waya umetundikwa kwa miti kilomita nyingi bila mlinzi. Wakaukata, wakatengeneza mapambo. Serikali ya mkoloni ikauita wizi, ukawa mmoja wa visingizio vya kutuma majeshi Nandi, hadi Koitalel arap Samoei akauawa Oktoba 1905.

Sasa hapo wengi hucheka, ati wazee walivaa mtandao. Mimi sioni cha kucheka. Mtu anayefua waya ukawa pambo anajua metali. Anajua inapinda wapi na inakatika lini. Tofauti ni kwamba wakati huo Ulaya walikuwa tayari wamejua njia nyingine ya kuigusa shaba, bila moto na bila nyundo. Michael Faraday mnamo 1834 alionyesha kwamba kiasi cha metali kinachotoka kwa maji ya chumvi yake hufuata kiasi cha umeme uliopitisha. Mwaka 1838 Moritz Jacobi, akiwa St. Petersburg huko Urusi, akatangaza njia ya kukuza shaba juu ya umbo lolote kwa umeme, ikatoka nakala kamili. Mwaka 1865 James Elkington wa Uingereza akapata hataza ya kusafisha shaba kwa njia hiyo hiyo. Kwa hivyo waya ukifika Lumbwa, elimu iliyokuwa nyuma yake ilikuwa na zaidi ya miaka sitini. Waya ulifika, elimu ikabaki huko.

Mara ya pili shaba ilitupita kwa treni. Uganda, chini ya milima ya Rwenzori, kuna mahali panaitwa Kilembe. Reli kutoka Kampala ikafikishwa Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya mgodi huo. Jinja kukajengwa tanuru la kuyeyusha, likitumia umeme wa bwawa la Owen Falls lililofunguliwa 1954. Hadi mgodi unafungwa 1982, zaidi ya tani milioni 16 za mawe zilikuwa zimetolewa, na katika kila tani mia moja shaba ni kama tani mbili tu. Shaba iliyotoka Jinja ilikuwa bado haijasafishwa kwa umeme. Ilipakiwa ikashuka kwa reli, ikapita Eldoret, Nakuru na Nairobi hadi bandari ya Mombasa.

Hebu fikiria. Bwawa lipo, umeme upo, shaba ipo, vyote kwa mji mmoja. Lakini usafishaji, ile hatua inayotaka hivyo vitu vitatu pamoja na mtu wa kemia, ilifanyiwa ng'ambo. Na si Uganda peke yake. Kule Kongo mkoa mzima wa Katanga uliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997, neno la Kiswahili kabisa. Jina likawa letu, viwanda vya waya na saketi vikawa vya wengine.

Na miaka hiyo hiyo shaba ilikuwa inabadilika sura. Paul Eisler, mhandisi kutoka Austria aliyekimbilia London mwaka 1936, alitengeneza redio ambayo badala ya nyaya zilizosokotana ilikuwa na njia za shaba zilizochapwa juu ya ubao. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Wamarekani wakatumia saketi za kuchapwa kwa mabomu ya kutungulia ndege. Miaka ya 1960 kampuni ya DuPont ikatoa Kapton, plastiki ya rangi ile ya chungwa inayostahimili joto kali. Hapo ndipo saketi ikaanza kukunjwa vizuri. Kwa hivyo wakati mabehewa ya Kilembe yanapita Nakuru yamebeba tani na tani, wenzetu walikuwa wanajifunza kuitumia shaba kwa gramu.

Mara ya tatu ni sasa hivi. Shaba inaingia kwa fleksi ndani ya simu, inatoka kwa gunia la vyuma chakavu. Mnakumbuka Januari 2022 stima ilipotea nchi nzima baada ya nguzo kubwa za umeme kuanguka, lawama zikaenda kwa wanaoiba vyuma, na Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa. Transfoma za vijijini bado zinavunjwa kwa sababu ya shaba iliyo ndani. Kijana anahatarisha maisha kwa stima, anauza kwa kilo, na shaba ile ile ina nafasi ya kurudi hapa ikiuzwa kwa sentimita.

Sasa niwaeleze inavyopakwa, na watu wa majani chai wataelewa haraka kuliko mainjinia. Kiwandani jani halipikwi sufuria moja moja. Linanyaushwa, linapita kwa roli za kusaga, linakaa kwa mkanda likibadilika rangi, linaingia kwa kikaushio. Kila kitu kinatembea. Mkanda ukisimama mahali pabaya, jani linaharibika. (Na kwa taarifa yako, kimeng'enya kinachofanya jani la kijani ligeuke jeusi kina shaba ndani yake. Bila shaba hakuna chai ya rangi.)

Fleksi za siku hizi zinatengenezwa hivyo hivyo. Unachukua roli ya plastiki, ndefu kama roli ya kitambaa dukani. Plastiki haipitishi umeme, kwa hivyo kwanza inapitishwa ndani ya chumba kilichotolewa hewa, inarushiwa metali kidogo sana, tabaka la chini ya maikromita moja. Sasa uso wake unapitisha umeme. Kisha roli inafunguliwa upande mmoja, filamu inapita tangi baada ya tangi, inakunjwa tena upande wa pili bila kusimama. Filamu yenyewe inashikwa kwa upande hasi wa umeme, na chembe za shaba zilizo ndani ya maji zinaikimbilia na kuganda juu yake.

Ugumu uko hapa. Lile tabaka la kwanza ni jembamba mno, ukilipa umeme mwingi linaungua. Basi tangi la kwanza linapewa kidogo, la pili linaongezwa, hivyo hadi mwisho. Filamu ikivutwa sana inajikunyata, ikilegea inakwaruza. Mwendo ukiyumba, shaba inakuwa nene hapa na nyembamba pale, na siku moja simu yako ikikunja ile fleksi inapasuka palipo pembamba. Ndiyo maana kazi hii ni ya nidhamu kuliko nguvu.

Sasa hesabu. Unene wa kawaida ni maikromita 18 au chini ya hapo. Unywele wa mtu ni kama 70. Tani moja ya shaba ukiipaka kwa unene wa maikromita 18, upande mmoja, inafunika takriban ekari moja na nusu. Mzee mwenye ekari moja na nusu ya chai hapa Kabianga anajua ukubwa wa hiyo shamba, ameipalilia. Funika yote kwa shaba, tani moja tu. Hiyo ndiyo maana ya kusema thamani iko kwa wembamba.

Na kuna jambo moja ambalo nikilisoma nilikaa kimya kidogo. Unajua kilicho ndani ya hayo matangi? Mrututu, ile chumvi ya bluu ambayo wakulima wa kahawa wanaijua kama dawa ya ukungu. Asidi ya salfuriki, ile ile ya betri ya gari. Chembe kidogo za kloridi na dawa za kulainisha uso. Na umeme. Ampia 100 kwa saa moja zinaleta takriban gramu 119 za shaba, leo kama wakati wa Faraday. Mengi ya hayo yako kwa duka la dawa za mifugo na mimea na kwa karakana ya magari.

Najua mtasema nini. Mtasema mashine ya kurusha metali ni ghali, stima ya Kenya ni ghali, na Asia wametutangulia miaka mingi. Kweli. Mtasema pia maji ya hayo matangi yanaua samaki, na maji ya Kericho na Bomet yanakusanywa na Mto Sondu hadi Ziwa Victoria. Kweli tena, na mtu yeyote asimwage mrututu kwa mto akisema ni mimi nilimtuma. Kusafisha maji machafu ni nusu ya kazi yenyewe.

Lakini sisemi tufungue kiwanda Jumatatu. Nasema tuache kuhesabu kuunganisha kama kutengeneza. Tangu 2023 kuna kiwanda cha kuunganisha simu Athi River, na nafurahi kipo, lakini vipande vinafika tayari vimetengenezwa. Nyeri, ndani ya Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, kuna kampuni ya semikondakta. Hiyo ni hatua ya kweli, kwa sababu inafundisha watu kufanya kazi kwa vipimo ambavyo macho hayaoni. Sisi tuna chuo kikuu hapa Kabianga, na tuna vyuo vya ufundi vinavyofundisha kuvuta waya ndani ya nyumba. Waya ni hatua ya masango. Kijana anayejua kupaka shaba maikromita 18 sawasawa juu ya kipande cha plastiki cha sentimita kumi, akakipima, akakikunja mara mia na kisipasuke, huyo amevuka hatua ambayo Jinja haikuvuka na bwawa lote lile.

Na sisi watu wa Kericho hatuna haja ya kufundishwa somo hili na mtu wa nje. Tunalijua kwa majani chai. Tunachuma, tunasaga, tunapeleka mnada wa Mombasa kwa magunia, na jina linaandikwa kwa paketi mahali pengine. Mkulima anasubiri bonasi, mwenye paketi hasubiri. Shaba ni hadithi ile ile, imevaa nguo nyingine tu.

Kwa hivyo wewe uliye mwaka wa pili kemia, unayelalamika ati masomo hayana kazi: mrututu upo, betri ipo, sheria ya Faraday haina ada. Anza na kipande kidogo, ndani ya maabara, mwalimu akiwepo. Ukipata tabaka lisilobanduka, nitumie picha. Nitaiweka hapa ukurasani, na siku hiyo nitaandika kuhusu mara ya nne.