Kutoka Sadaka Hadi Haki: Shule ya Mtoto Mwenye Ulemavu

Kaeni karibu na redio, na mwalimu wa darasa awe tayari na ubao wake.

Somo la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni habari ya mtoto asiyeona, mtoto kiziwi, mtoto mwenye ulemavu wa viungo au wa akili, na jinsi alivyopata nafasi ya kusoma katika nchi yetu. Twaisoma kwa sababu katika vijiji vyetu bado yuko mtoto anayebaki uani wenzake wakienda shule, na baba yake na mama yake hawajui kama wanaweza kudai kitu.

Basi turudi nyuma mpaka mwaka 1950. Mwaka huo Kanisa la Anglikana lilifungua shule ya watoto wasioona huko Buigiri, karibu na Dodoma. Ndiyo iliyokuwa ya kwanza katika Tanganyika. Wenzetu wa Kenya walikwisha pata ya kwao Thika mwaka 1946, nayo ilianzishwa na Jeshi la Wokovu. Mnaona wenyewe kwamba kazi hii ilianzwa na watu wa dini. Serikali ya kikoloni haikuihesabu kuwa wajibu wake.

Sasa mfikirini mzazi wa Ngara wa wakati ule, mwenye mtoto asiyeona. Kwanza apate habari kwamba Buigiri ipo. Apande lori mpaka Biharamulo, aendelee, avuke ziwa kwa pantoni mpaka Mwanza, kisha apande gari moshi la kupitia Tabora. Na akifika, aombe nafasi. Nafasi ikipatikana, hushukuru. Ikikosekana, hurudi na mwanawe. Hapakuwa na ofisi ya kumwuliza kwa nini. Shule ilikuwa sadaka, na sadaka haidaiwi.

Baada ya Uhuru shule ziliongezeka. Tabora ilipata shule ya wasioona, jina lake Furaha, mwaka 1962, na shule ya viziwi mwaka 1963. Zote mbili ni kazi ya Kanisa Katoliki. Katika miaka hiyo hiyo ya 1960, Dar es Salaam, shule ya Uhuru Mchanganyiko ilianza kusomesha watoto wasioona pamoja na wanaoona. Huku kwetu Kagera, watu wa Bukoba wanaijua Mugeza. Pale ipo Mugeza Mseto, wanaposoma pamoja wasioona, wenye ualbino na watoto wengine, na ipo shule ya viziwi iliyoanzishwa na Walutheri katika miaka ya 1980.

Nisimame kidogo juu ya maneno. Zamani tulisema vipofu na mabubu bila kufikiri. Siku hizi twasema wasioona. Lakini neno kiziwi wenyewe wamelishika. Hata chama chao, CHAVITA, maana yake ni Chama cha Viziwi Tanzania. Basi mwiteni mtu kwa jina alilolikubali mwenyewe.

Mwaka 1977 nchi yetu ilianza kampeni ya elimu ya msingi kwa wote. Mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Elimu, Namba 25 ya 1978, iliyomlazimisha mzazi kumwandikisha mtoto aliyefikia umri wa miaka saba. Hapa pana jambo la ajabu kidogo. Sheria ilimtishia mzazi kwa adhabu asipompeleka mtoto shule, na shule ya karibu ilikuwa haina mwalimu wa kumfundisha mtoto kiziwi. Neno "wote" lilikuwa limeandikwa, lakini wengine walikuwa bado nje ya mlango.

Mwaka 1981 ulikuwa Mwaka wa Kimataifa wa Watu Wenye Ulemavu, na katika miaka hiyo watu wenye ulemavu na wazazi walikuwa wakiunda vyama vyao. Mambo kama hayo yalitokea hata ng'ambo. Huko Pennsylvania, Marekani, wazazi wa watoto wenye ulemavu wa akili walikwenda mahakamani mwaka 1971 kwa kuwa shule ziliwakataa watoto wao, na yakafikiwa mapatano kwamba wasomeshwe. Mwaka 1975 nchi ile ikatunga sheria kwamba kila mtoto wa namna hiyo aandikiwe mpango wake wa masomo, na mzazi awepo unapotungwa. Wazazi wale hawakuwa wanasheria. Walikuwa wamechoka kuambiwa "subiri".

Kwetu sheria iliyo kubwa katika jambo hili ni Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Yasema kwamba mtoto mwenye ulemavu atasoma katika shule ya kawaida, ya serikali au ya binafsi, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu. Maneno hayo ya mwisho yanataka maelezo. Mtoto anayesikia hutoka nyumbani na Kihangaza chake, au Kishubi, au Kisubi, akafika shuleni akajifunza Kiswahili kwa sikio. Kiziwi hapati Kihangaza wala Kiswahili kwa sikio. Yeye anahitaji lugha ya alama, na mwalimu anayeijua, na wenzake wa kuzungumza nao. Kwa hiyo yaweza kumfaa kwenda shule ya viziwi. Mtoto mwenye mguu uliopooza hana haja hiyo. Huyo apewe njia ya kufika, na choo anachoweza kukitumia.

Nizungumze pia juu ya watoto wenye ualbino, maana mikoa yetu ya Ziwa ina kidonda. Kuanzia mwaka 2007 hivi zilienea habari za mauaji yao, na watoto wengi wakapelekwa kwenye shule za bweni kama Buhangija kule Shinyanga na Mitindo kule Misungwi, ili wawe salama. Walisalimika, lakini wengine walikaa muda mrefu mno mbali na wazazi wao. Mzazi aliyempeleka mtoto bweni asiache kwenda kumtazama. Tena wengi wao wanaona, ila si mbali. Mtoto huyo akae mbele karibu na ubao, avae kofia nje, na apewe maandishi makubwa. Hata mtihani wa taifa huchapishwa kwa maandishi makubwa, na kwa nukta nundu kwa wasioona. Lakini shule lazima itoe taarifa mapema. Mwulizeni mwalimu mkuu kama ametoa.

Sasa tuandike. Mwalimu anakili barua hii ubaoni:

"Kwa Mwalimu Mkuu. Mimi ni mzazi wa mtoto mwenye umri wa miaka saba. Hasikii vizuri. Naomba aandikishwe, na apimwe ili tujue msaada unaomfaa. Naomba nijibiwe kwa maandishi. Nakala: Mtendaji wa Kijiji, Afisa Elimu Maalumu wa Halmashauri."

Neno "naomba" lisiwadanganye. Katika Kiswahili twaomba hata kilicho chetu. Ni adabu tu. Andikeni tarehe, na mbaki na nakala moja nyumbani. Jibu lisipokuja, nendeni na nakala hiyo kwa Afisa Elimu Kata, kisha kwenye Halmashauri. Sheria ya 2010 imeweka pia kamati za watu wenye ulemavu mpaka ngazi ya kijiji. Ulizeni katika mkutano wa kijiji ni nani walio katika kamati yenu.

Kazi ya juma hili: jadilianeni ni watoto wangapi wa umri wa shule katika kitongoji chenu wasiosoma, na kila mmoja amezuiwa na nini. Kisha kila mwanafunzi aandike barua yake, au amwandikie jirani asiyejua bado kuandika.