Kodi ya Siagi na Kodi ya Sukari

Leo twazungumza habari za kodi isiyokusudiwa kujaza hazina ya Serikali tu, bali kuwafanya watu wapunguze vyakula vinavyowanenepesha kupita kiasi na kuwaletea maradhi.

Tuanze Denmark. Tarehe 1 Oktoba 2011 Serikali ilianza kutoza krone 16 kwa kila kilo ya mafuta ya kuganda yaliyomo katika siagi, jibini na nyama. Bei zikapanda. Je, wanunuzi walifanyaje? Baadhi yao walivuka mpaka, wakanunua siagi Ujerumani na Uswidi. Wenye maduka wakanung'unika, na tarehe 1 Januari 2013 kodi ikafutwa.

Sasa tutazame Uingereza. Kodi ya vinywaji vya sukari ilitangazwa Machi 2016, ikaanza Aprili 2018. Kinywaji chenye gramu 8 za sukari au zaidi katika mililita 100 kilitozwa peni 24 kwa lita. Chenye gramu 5 mpaka 8, peni 18. Chini ya hapo, hakikutozwa kitu. Basi katika miaka ile miwili wenye viwanda wengi walipunguza sukari. Mnywaji akanunua soda yake kama kawaida, na sukari imekwisha pungua.

Mwaona tofauti? Kila atozwaye kodi hutafuta mlango wa kutokea. Denmark mlango ulikuwa mpakani. Uingereza ulikuwa kiwandani. Jadilianeni darasani: kwetu ungekuwa wapi? Kwaherini.