Ndege wa Uzio na Ndege wa Mto: Hoja Kutoka Ruaruke

Mnamo mwaka 1966, katika mashamba ya Longleat huko Uingereza, milki ya Marquess wa Bath, mwenye sarakasi aliyeitwa Jimmy Chipperfield alifanikisha jambo ambalo mpaka wakati ule halikuwa limejaribiwa nje ya Afrika: kiwanja kipana kilizungushiwa uzio, simba wakatiwa ndani yake, barabara ikapitishwa katikati, na watu wakaalikwa kupita humo katika magari yao wenyewe, vioo vimefungwa, ilhali simba wakizunguka watakavyo pande zote mbili. Kaida ya zamani ya bustani za wanyama, ambayo kwayo mnyama hukaa tunduni na binadamu hutembea huru, ilipinduliwa, na mapinduzi hayo yalipendeza mno machoni pa watu hata mwaka uliofuata yakavuka bahari kwenda Florida, na baada ya hapo yakaenea katika nchi nyingi za dunia. Bustani za ndege nazo zilikua kwa njia iliyokaribiana na hiyo. Ile ya Jurong katika Singapore, iliyofunguliwa mwaka 1971 na kufungwa Januari 2023 ili ndege wake wahamishiwe Mandai, ilipata sifa kwa tundu lake kubwa lenye maporomoko ya maji yaliyotengenezwa na watu, ambamo mgeni aliingia yeye mwenyewe na ndege wakaruka juu ya kichwa chake. Na mwaka 2022 Sharjah, katika Falme za Kiarabu, ilifungua mbuga ya kilomita za mraba zipatazo 8, itajwayo kuwa kubwa kuliko zote za namna yake nje ya Afrika, ambayo baadhi ya sehemu zake zimepewa majina ya Serengeti na Ngorongoro.

Sina ugomvi na furaha ya mtoto amwonaye twiga kwa mara ya kwanza kupitia dirisha la gari. Lakini maadamu sheria za nchi yetu zimekwisha kuruhusu watu binafsi kuanzisha bustani, mashamba na ranchi za wanyamapori, haitakuwa ajabu siku moja mtu mwenye mtaji akaitazama barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara, akasimama Kibiti, akaulizia njia ya Ruaruke, akasema moyoni kwamba hapa pafaa: pana ardhi, pana jina la Rufiji, pana wageni wapitao kwenda Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na Dar es Salaam haiko mbali. Ni afadhali hoja yake ijibiwe kabla hajaanza kuchimba mashimo ya nguzo. Nadai katika makala haya kwamba katika nchi ya Rufiji ndege na mnyama hawawezi kutenganishwa na vitu viwili, yaani maji ya mto na mtu akeshaye kando ya maji hayo. Na kwamba biashara yoyote ya kuwatazama viumbe hao isiyovilipa vitu hivyo viwili ni dhuluma, hata uzio wake ukiwa mzuri namna gani.

Ruaruke ni kata ya wilaya ya Kibiti, jirani na mahali ambapo mto Rufiji, baada ya kukusanya maji ya Ruaha Mkuu, Kilombero na Luwegu kutoka karibu sehemu moja ya tano ya Tanzania Bara, hugawanyika katika mikono mingi na kuingia baharini ukikabili kisiwa cha Mafia. Mikoko ya delta hiyo, ipatayo hekta 50,000 na zaidi, ndiyo msitu mkubwa kuliko yote ya aina yake uliokaa pamoja katika pwani ya Afrika Mashariki. Humo mna mkoko wenyewe, mchu, mkandaa, msinzi, mkomafi, mlilana na msikundazi, kila mmoja ukishika nafasi yake kwa kadiri ya chumvi na kina cha tope. Tarehe 29 Oktoba 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliandikwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar juu ya ardhioevu zenye thamani kwa ulimwengu mzima. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua, matope hufunuka kwa upana ambao jicho haliufikii mwisho, na vitwitwi na jamaa zao waliotoka kaskazini ya dunia hushuka kula. Maji yakijaa, huondoka. Yangeyange na korongo hufuata mashamba ya mpunga, mdiria hukaa juu ya vijiti vya mitego, na furukombe hulia juu ya mikono ya mto. Hakuna aliyewaleta, wala hakuna awalishaye isipokuwa tope liletwalo na mto na kupangwa upya na bahari mara mbili kila siku.

Katika nchi hiyo hiyo mkulima wa mpunga hujenga dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba, naye huhamia huko na jamaa zake tangu mpunga unapotoa masuke mpaka uvunwe. Mchana kazi yao ni kuamia ndege, na aghalabu ni watoto waifanyao, kwa kombeo, kwa kelele na kwa madebe yaliyofungwa kamba, kwa sababu kundi la kweleakwelea likitua kwa saa chache laweza kumaliza jasho la miezi. Usiku ni zamu ya nguruwe mwitu na viboko. Wala bei ya mkesha huo haikuwa mpunga peke yake. Kati ya mwaka 2002 na 2004, katika vijiji vya wilaya ya Rufiji, ambayo wakati ule ilikuwa bado imejumuisha Kibiti, simba waliua watu wapatao 35. Na utafiti wa Craig Packer, Dennis Ikanda na wenzao, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba mashambulio ya simba katika kusini ya Tanzania yalizidi wakati wa mavuno na mahali penye nguruwe mwitu wengi, kwa kuwa nguruwe humvuta simba shambani na pia humlazimisha mkulima kulala huko huko ili aokoe chakula chake. Watu waliuawa wakiwa juu ya madungu, nyuma ya kuta za makuti.

Msomaji na aiweke habari hiyo kando ya ile ya Longleat. Huko simba huzunguka nje ya kioo, na mgeni hulipa ili aonje hofu isiyo na hatari. Hapa simba alipanda nguzo, na aliyekuwa ndani hakulipwa kitu kwa kuishi na hofu ya kweli. Mbuga ya kupita kwa gari huuza kuonana na mnyama baada ya kufuta gharama zote za kuonana naye. Lakini gharama hizo hazifutiki katika nchi ya asili ya mnyama. Huko huchukuliwa na mtu maskini, na yeye ndiye, kwa ukweli wa mambo, aliyemtunza mnyama huyo mpaka leo kwa kumvumilia. Sheria yetu ya wanyamapori ya mwaka 2009 inalikiri jambo hili kwa kiasi fulani, kwani imeweka kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au jamaa za aliyeuawa na wanyama wakali. Ni jambo la insafu, nami nalisifu. Walakini malipo hayo huja baada ya msiba, nayo hayamtambui mkulima kuwa mshirika katika mali. Humtambua kama mtu aliyepatwa.

Mwenye mtaji ana jibu, na ni haki tumsikilize. Atasema kwamba bustani huelimisha, na atataja kisiwa cha Saanane karibu na Mwanza, ambacho mwaka 1964 kilifanywa bustani ya wanyama, ya kwanza katika nchi yetu, na kikawaonyesha watoto wa shule viumbe ambao wazazi wao hawakuwa na nauli ya kwenda kuwaona Serengeti. Atataja Bamburi, karibu na Mombasa, ambako René Haller, tangu mwaka 1971, aliyageuza machimbo makavu ya kiwanda cha saruji kuwa msitu wenye mabwawa, ndege na wanyama, mahali ambapo kabla yake hapakuota hata nyasi. Haya yote ni kweli. Lakini tuangalie ni kweli ya namna gani: Haller alianza na jangwa lililofanywa na binadamu, akaongeza uhai, lakini atakayeweka uzio Ruaruke ataanza na uhai uliokwisha kuwapo. Na Saanane yenyewe haikubaki bustani. Mwaka 2013 ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, hoja ya matundu ikarudi nyuma na kisiwa kikathaminiwa kwa miamba yake, miti yake na ndege wajao wenyewe.

Atakuwa na hoja nyingine iliyo nzito zaidi, nayo ni chura wa Kihansi. Chura huyu mdogo aligunduliwa katika miaka ya 1990 chini ya maporomoko ya mto Kihansi, katika milima ya Udzungwa, mahali padogo palipokuwa pakilowa daima kwa manyunyu ya maji yaangukayo. Mtambo wa umeme ulipoyachepusha maji hayo, manyunyu yakatoweka. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura wapatao 500 walichukuliwa kwa ndege mpaka bustani ya wanyama ya Bronx, New York, wakawekwa katika masanduku ya vioo. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba hawapo tena katika mazingira yao ya asili. Na mwaka 2012 wazao wa wale waliohifadhiwa Bronx na katika bustani ya wanyama ya Toledo wakarudishwa Kihansi. Lau si masanduku yale, uzao ule ungekatika. Nani awezaye kulikana? Hata hivyo kisa hiki, kikisomwa mpaka mwisho wake, chaushuhudia mto kuliko kinavyolishuhudia sanduku, kwa maana vyura waliorudi hawakuweza kurudi mpaka yalipotandazwa mabomba ya kunyunyiza maji bondeni, yafanye kwa nguvu za watu kazi ambayo mto uliifanya bure. Bustani iliweza kuhifadhi mwili wa kiumbe. Maji yake haikuweza kuyahifadhi. Na maji ya Kihansi huingia Kilombero, na Kilombero ndio utoao zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji. Hivyo habari hii si ya mbali, ni ya mto huu huu upitao jirani na Ruaruke.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Desemba 2022 Bwawa la Julius Nyerere, katika mto huu huu, lilianza kujazwa, na mitambo yake ya megawati 2,115 ni neema ambayo nchi iliyokaa gizani miaka mingi haina budi kuishukuru. Lakini kila bwawa huzuia tope, na kila bwawa hubadili saa na kipimo cha maji yashukayo. Na delta ni kitu kilichofinyangwa kwa tope na kwa mafuriko ya majira. Mkulima wa mlau, apandaye katika unyevu uachwao na mafuriko yanapopungua, na kitwitwi atafutaye funza katika matope ya mlangoni mwa mto, wanategemea kalenda moja. Mafuriko ya Aprili 2024, yaliyozamisha mashamba na nyumba katika Rufiji na Kibiti, yalionyesha namna watu hawa wanavyoishi chini ya hukumu ya maji. Nauliza basi: kuna faida gani kwa Ruaruke kuwa na tundu la ndege lenye maporomoko ya saruji kama ya Jurong, ikiwa ratiba ya kufungulia maji ya mto wa kweli inapangwa bila kumfikiria mvuvi, mkulima wala ndege wa delta?

Kadhalika haifai tusahau kwamba bustani hujazwa kutoka mahali fulani. Tanzania ilikuwa kwa miaka mingi miongoni mwa nchi zilizouza nje ndege hai kwa wingi, mpaka Ulaya ilipofunga milango yake kwa ndege wa mwituni, kwa muda mwaka 2005 na moja kwa moja mwaka 2007. Mwaka 2010 wanyama zaidi ya 100, wakiwamo twiga, walipakiwa katika ndege uwanjani Kilimanjaro na kupelekwa Qatar, jambo lililoifedhehesha nchi na kufika mahakamani. Na mwaka 2016 serikali ikasimamisha usafirishaji wa wanyama hai. Kila tundu jipya ni mnunuzi mpya, na penye mnunuzi hapakosi mtegaji.

Kati ya pwani yetu na Ghuba pana ujirani wa zamani ulio bora kuliko huo. Majahazi yalichukua boriti za Rufiji kwenda Arabuni, na dari za nyumba nyingi za huko zilishikwa na mikoko ya delta hii. Na yuko ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, alaye kaa, ambaye huchimba mashimo ya kutagia katika mchanga wa visiwa na pwani za Ghuba na Oman, hutaga yai moja, na baada ya malezi huja kupumzika katika fukwe zetu, Mafia na Rufiji zikiwamo. Ndege huyu hana uraia wala mwenyewe. Mtu wa Sharjah na mtu wa Ruaruke humtunza kwa zamu bila kujuana, nami naona katika ushirika huo adhama ambayo Serengeti ya kutengenezwa jangwani haitaifikia kamwe.

Nini basi kifanyike? Delta haipitiki kwa gari, na hilo ni fadhila kwake. Hupitika kwa mtumbwi na kwa mashua, kwa kungojea maji, na ajuaye wakati wa kuingia katika mkono fulani wa mto na wakati wa kutoka ni mtu aliyezaliwa huko. Mgeni apendaye ndege na aende pamoja naye, na ada yake iingie katika mfuko wa kijiji kabla ya kwenda popote pengine. Mfano tunao ndani ya Rufiji, kwani vijiji vya Ngarambe na Tapika viliunda jumuiya ya hifadhi iitwayo MUNGATA ili vipate sehemu ya mapato ya wanyama waliomo katika ardhi yao. Upungufu wa jumuiya kama hizo, na upo, ni wa kurekebishwa, si sababu ya kuziacha. Leseni za kuongoza wageni katika delta zitolewe kwanza kwa wavuvi na wakulima wa delta. Sehemu ya ada iwekwe kwa ajili ya mwenye dungu aliyepoteza mpunga kwa ndege, maana yeye ndiye awalishaye wakati wageni wakiwapiga picha. Na wasimamizi wa bwawa na wa bonde la Rufiji watangaze mapema, kwa Kiswahili na katika kila kijiji cha chini, ni maji kiasi gani yatakayofunguliwa na lini, na katika kiasi hicho watenge fungu la delta kama wanavyotenga fungu la umeme. Mwenye mtaji atakayekubali masharti hayo na aje Ruaruke ajenge gati, vyoo na nyumba ya kulala wageni, naye atakaribishwa. Asiyeyakubali, uzio wake aupeleke kwingine.