Mkondo wa Ishara: Jina na Maana Yake

Kabla mgonjwa mwenye saratani ya utumbo mpana iliyosambaa hajaanzishiwa cetuximab, uvimbe wake hupaswa kupimwa jeni za RAS. Zikikutwa zimebadilika, dawa hiyo peke yake haitamfaa. Atapata vipele na madhara mengine, nafuu asiione. Sababu yake imo ndani ya dhana ambayo Kiswahili bado hakijaipa jina moja. Unaweza kuiita njia ya ishara, au mfumo wa mawasiliano ya seli. Mimi naiita mkondo wa ishara.

Juu ya utando wa seli zimekaa protini ziitwazo vipokezi, na kila kipokezi kina molekuli zake kinazozipokea. Kipokezi cha EGFR hupokea kichochea ukuaji, ambacho Stanley Cohen alikigundua na kwa kazi hiyo akashiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1986. Kichochea kikishanasa, EGFR huiamsha RAS, RAS huiamsha RAF, RAF huiamsha MEK, MEK huiamsha ERK, nayo ERK huingia kwenye kiini na kuwasha jeni zinazoamuru seli igawanyike. Amri hiyo ni ya kawaida na ya lazima, kwani ngozi ya ndani ya utumbo hujifanya upya kila baada ya siku chache. Saratani huanza pale amri inapoendelea kutolewa ingawa hakuna aliyeiomba.

Neno njia si kosa, ila njia hupitwa pande zote mbili. Mkondo una juu na chini, na hilo ndilo daktari analolihitaji kuliko yote. Ukiuziba mto huku chemchemi imebubujika chini ya kizuizi, mashamba ya bondeni yatafurika vilevile. Cetuximab huziba EGFR, iliyo juu. RAS iko chini yake, na katika takriban asilimia 40 ya saratani za utumbo mpana jeni ya KRAS, mmoja wa ukoo wa RAS, imebadilika kiasi kwamba protini yake haizimiki tena. Marekani iliidhinisha cetuximab kwa saratani hii mwaka 2004. Ilipofika mwaka 2008 ndipo tafiti zilipothibitisha kwamba wenye KRAS iliyobadilika hawanufaiki nayo. Katika miaka ile ya kati wako wagonjwa waliovumilia dawa ambayo haikuwa na namna ya kuwasaidia.

Istilahi yangu ina mpaka wake, na kisa cha BRAF kinauonyesha. BRAF ni mmoja wa ukoo wa RAF. Badiliko lake liitwalo V600E hupatikana katika melanoma, saratani ya ngozi, na pia katika sehemu ndogo ya saratani za utumbo mpana. Vemurafenib, dawa inayoizima, ilipunguza uvimbe kwa karibu nusu ya wagonjwa wa melanoma. Ilipopewa wagonjwa wa utumbo mpana, waliopata nafuu walikuwa wachache mno. Badiliko ni lilelile, dawa ni ileile! Mwaka 2012 maabara ya René Bernards mjini Amsterdam ilitoa jibu: BRAF ikizimwa, breki iliyokuwa ikiituliza EGFR nayo huachia, kipokezi kikaamka na kuendesha ugawanyikaji upya. Seli za melanoma kwa kawaida zina EGFR kidogo sana. Za utumbo zina nyingi. Basi dawa mbili zikaunganishwa, encorafenib, nayo ya kuizima BRAF, chini na cetuximab juu, na Marekani ikaziidhinisha mwaka 2020. Maji hayapandi mlima, lakini ishara hupanda. Kwa hiyo kando ya mkondo tunahitaji neno mrejesho, kwa habari inayotoka chini kwenda kutuliza au kuchochea ya juu.

Neno jingine ni shabaha. Mtu akiandika "malengo ya tiba", msomaji ataelewa kile ambacho tiba inakusudia kufikia: kuponya, kurefusha maisha, kupunguza maumivu. Shabaha ni kile kinacholengwa, yaani protini ambayo dawa inaipiga. Nayo huwa shabaha pale tu dawa inapopata mahali pa kushika. KRAS ilijulikana kwa miongo mingi bila kushikika, kwa kuwa umbo lake ni laini lisilo na kishimo kinachofaa. Mwaka 2013 maabara ya Kevan Shokat huko San Francisco ilionyesha kishimo katika aina moja ya badiliko, G12C. Aina hiyo ipo katika asilimia 3 au 4 tu ya saratani za utumbo mpana, na mwaka 2024 adagrasib pamoja na cetuximab ziliidhinishwa Marekani kwa ajili yake.

Upo na mkondo mwingine, uitwao Wnt, na huo ndio unaosikitisha. Jeni yake ya APC, iliyotambuliwa mwaka 1991, imeharibika katika karibu asilimia 80 ya saratani hizi, na mara nyingi uharibifu huo ndio wa kwanza kabisa. Hata hivyo hakuna dawa ya mkondo huo iliyoidhinishwa kwa ugonjwa huu, kwa sababu mkondo huohuo huutunza utumbo wenye afya na mifupa. Baadhi ya dawa zilizojaribiwa zilidhoofisha mifupa ya wagonjwa.

Nawaomba wahariri na wakalimani wa hospitali wachague istilahi moja na kuishikilia, iwe hii yangu au nyingine iliyo bora. Nawe msomaji, ukiwa na ndugu anayeugua saratani hii iliyosambaa, muulize daktari wake kwa Kiswahili: RAS na BRAF za uvimbe huu zimepimwa? Na kama zimepimwa, shabaha ya dawa hii iko wapi kwenye mkondo?