Mkaa wa Buha na nyota zinazokufa

Wadau, leo tunaanzia London halafu tunateremka mpaka Kibondo. Nivumilieni kidogo.

Agosti 29, 1864, Mwingereza William Huggins aliielekeza darubini yake, pale nyumbani kwake Tulse Hill, kwenye kijiwingu kilichomo katika kundi la nyota la Joka. Vijiwingu vya namna hiyo huitwa nebula za sayari. Jina hilo alilitoa William Herschel miaka ya 1780 kwa kuwa vilionekana mviringo kama sayari. Na sayari havihusiani kabisa, lakini jina ndiyo limeshaganda.

Huggins akaupitisha mwanga wake kwenye prizimu. Mwanga wa nyota ukipita hapo hutandazika kama upinde wa mvua. Huu ulitoa mistari michache tu, na uliong'aa kuliko yote ulikuwa wa kijani. Maana yake ile ilikuwa gesi. Gesi gani sasa? Mstari ule haukulingana na elementi yoyote iliyojulikana, basi wakubwa wa sayansi wakabuni elementi mpya na kuiita nebuliamu! Mpaka 1927, miaka 63 baadaye, Mmarekani Ira Bowen akaonyesha kuwa ni oksijeni hii hii tunayovuta, ila imepoteza elektroni mbili na iko kwenye gesi nyembamba mno.

Kuanzia hapo ikawezekana kupima kila elementi iko kiasi gani mle ndani. Lawrence Aller, kwa mfano, aliifanya kazi hiyo kwa miongo kadhaa. Ikaonekana kwamba nebula nyingi zimejaa kaboni au nitrojeni kupita Jua letu. Ni nyota za wastani hizo: zikizeeka hupika heliamu kuwa kaboni, kisha huyatema matabaka yao ya nje. Sehemu isiyo ndogo ya kaboni iliyomo kwenye miti, na kwenye miili yetu, ilipikwa huko.

Sasa Kibondo na Kasulu. Miaka ile ile ya Huggins, katika himaya za Waha, yaani Buyungu, Muhambwe na Heru, kulikuwa na watu wanaoyeyusha chuma, na majembe ya Buha yaliuzwa nje ya Buha. Ndani ya tanuri kaboni ya mkaa hushikana na oksijeni, ikawa gesi ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumba kimefungwa. Gesi hiyo huinyang'anya oksijeni iliyomo kwenye mawe, chuma kikabaki. Mkaa ukipungua, unaambulia mavi ya chuma.

Katika nyota inayokufa mambo ni hayo hayo. Kaboni na oksijeni hushikana kwanza, zikawa gesi ile ile, na kinachobaki ndicho huamua vumbi. Kaboni ikizidi, hutoka vumbi kama masizi. Oksijeni ikizidi, hutoka vumbi la jamii ya mchanga. Uwiano wa hizo mbili ni kati ya vitu vya kwanza wanaastronomia wanavyovitafuta kwenye nebula. Mhunzi wa Muhambwe naye alikuwa na uwiano wake, akiupima kwa vikapu vya mkaa na pumzi ya mivukuto.

Kinachoniuma ni hiki: nebuliamu lilikuwa kosa, lakini liliandikwa, likabishaniwa, likasahihishwa. Tanuri la Buha lilikuwa sahihi, na kumbukumbu yake ilibaki vichwani mwa watu. Ukoloni ulipoleta majembe ya kiwandani kwa bei ya chini, matanuri yakazimika, na vichwa hivyo vikaenda kaburini kimoja kimoja. Mimi nilipofundishwa kemia, tanuri nililochora daftarini lilikuwa la Ulaya.

Nebula ya Huggins inaonekana kutoka Kasulu, chini kabisa upande wa kaskazini, Julai, ukiwa na darubini na kama moshi wa mioto ya kiangazi haujaliziba anga. Hiyo itakungoja. Lakini kama una babu Heru Juu au Muhambwe aliyesikia kwa baba yake ni mti gani ulichomwa mkaa wa tanuri, nenda na daftari mwaka huu huu.