Tarehe ya Klabu ya Hoki ya Barafu ya Oxford

Klabu ya hoki ya barafu ya wanaume wa Chuo Kikuu cha Oxford hailipi wachezaji wake. Ni wanafunzi wa sheria, uchumi, historia na fizikia, nao huvaa viatu vya kutelezea barafuni wakishamaliza masomo ya siku. Hata hivyo kutoka klabu hii ya ridhaa wametokea mawaziri wakuu wawili wa Kanada, Gavana Mkuu mmoja, rais wa ligi kubwa kuliko zote za mchezo huo duniani, na mwanahistoria aliyependekeza bendera ya Kanada kama tunavyoijua leo. Sijui timu nyingine ya wanafunzi yenye uzao wa namna hiyo, ndiyo maana nimeona inastahili tarehe yake.

Mwanzo wake una ubishi. Mapokeo ya klabu yanasema kwamba vijana wa Oxford walipambana na wenzao wa Cambridge mwaka 1885, huko St. Moritz nchini Uswisi, na kwa hesabu hiyo klabu hujitaja kuwa miongoni mwa kongwe kabisa duniani. Wanahistoria wa mchezo wanaitilia shaka habari hiyo, kwa kuwa hakuna maandishi ya wakati ule yanayoithibitisha. Mimi niko upande wao. Mechi ya kwanza baina ya vyuo hivi iliyoandikwa ni ya mwaka 1900, katika uwanja wa barafu wa Prince's, Knightsbridge, mjini London. Kuhesabu kuanzia hapo hakuipunguzii klabu heshima yake. Ama kwa ukongwe wa mchezo wenyewe, Montreal, mji wa Kanada ambako mechi ya kwanza ya ndani ya ukumbi ilichezwa tarehe 3 Machi 1875, na ambako Chuo Kikuu cha McGill kilikuwa na timu tangu 1877, ndio unaostahili kuitwa kitovu cha hoki ya barafu.

Kwa msomaji aliyezoea mpira wa magongo wa nyasini, huu ni mchezo wa kasi nyingine kabisa. Kila upande una watu sita uwanjani, golikipa akiwamo, kwa vipindi vitatu vya dakika 20. Hawagombei mpira. Wanagombea kisahani cha raba ngumu, kipana kama sentimita saba na nusu, kizito kati ya gramu 156 na 170. Kabla ya mechi hugandishwa kwenye friji, kwa sababu raba yenye uvuguvugu hurukaruka na kumkimbia mchezaji, ila ikishaganda hulala chini na kuteleza. Mchezaji mzuri hakitazami kisahani. Hukisikia kwenye gongo huku macho yake yakitafuta mwenzake aliye wazi, na miguu ikikata kona juu ya chuma chembamba. Ustadi huo haupatikani kwa mwaka mmoja, bali huanza utotoni. Ndiyo maana historia ya klabu hii ni historia ya Wakanada waliofika Oxford tayari wakiujua.

Na waliofika, wengi wao walifika kwa fedha za Afrika. Hili halitajwi sana katika sifa za klabu, nami siwezi kuliruka. Cecil Rhodes alikufa mwaka 1902 akiwa ameacha wasia wa kusomesha Oxford vijana kutoka makoloni ya Uingereza, Marekani na Ujerumani. Utajiri wake ulitoka katika almasi za Kimberley, Afrika Kusini, zilizochimbwa na Waafrika waliofungiwa katika kambi za kampuni hadi mkataba uishe, wakipekuliwa mwili mzima wasije wakatoka na jiwe. Wanafunzi wa kwanza wa ufadhili huo waliingia Oxford mwaka 1903. Wanawake hawakuruhusiwa kuuomba hadi miaka ya 1970. Kwa hiyo yule kijana wa Alberta anayeonekana kwenye picha za zamani akicheka kwenye theluji ya Uswisi, ada yake, chakula chake na kitanda chake vililipwa kwa jasho la watu ambao kamwe hakuwaona.

Vijana hao wa Rhodes hawakukawia. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza walikuwa wameunda timu yao iliyoitwa Oxford Canadians, iliyosafiri Ulaya wakati wa likizo za baridi. Mashindano ya kwanza ya ubingwa wa Ulaya yalipofanyika mwaka 1910 huko Les Avants, Uswisi, walialikwa kucheza lakini matokeo yao hayakuhesabiwa. Naona uamuzi huo ulikuwa wa haki, maana ubingwa ulikuwa wa mataifa ya Ulaya. Lakini Wazungu wa Uswisi, Ubelgiji na Ujerumani walipata shule ya bure, na wakaanza kuwaiga.

Vita vikasimamisha kila kitu. Vilipokwisha, miongoni mwa walioingia Oxford mwaka 1921 alikuwamo Lester Pearson, mtoto wa mchungaji, aliyehudumu na kikosi cha tiba huko Salonika kisha akajiunga na mafunzo ya urubani. Yeye hakuwa mwanafunzi wa Rhodes. Alikuja kwa ufadhili wa familia ya Massey ya Toronto. Huko akakutana na Roland Michener wa Alberta, ambaye yeye alikuwa wa Rhodes, na wote wawili wakaingia timuni. Mji wa Oxford haukuwa na uwanja wa barafu. Timu ilisubiri Desemba, ikapanda treni hadi Uswisi, na kucheza nje kwenye barafu ya Mungu, jua likilainisha uwanja mchana. Huko Mürren waliwachapa Cambridge 27–0. Waswisi walimbatiza Pearson jina la Herr Zigzag kwa jinsi alivyokuwa akipinda huku na huku akiwaacha mabeki.

Urafiki wa wawili hao ndio ninaouona kuwa kombe kubwa kuliko yote ya klabu. Walirudi nyumbani wakawa wanasiasa wa vyama pinzani. Pearson, wa Liberal, alipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1957 kwa kazi yake ya kuanzisha jeshi la Umoja wa Mataifa lililotumwa wakati wa mgogoro wa Suez. Michener, wa Conservative, alikuwa Spika wa Bunge wakati Pearson akiongoza upinzani, na hawakukosana. Pearson alipokuwa Waziri Mkuu ndiye aliyempendekeza rafiki yake awe Gavana Mkuu mwaka 1967. Mwaka uliofuata, Aprili 1968, alipong'atuka, alimkabidhi Michener barua ya kujiuzulu. Walikuwa wamefahamiana kwa miaka 47.

Pearson alikuwa amekwisha ondoka Oxford wakati klabu ilipopata kombe lake lenye jina. Huko Davos, mji wa milimani uliojulikana kwa hospitali za kifua kikuu, daktari Carl Spengler alitoa kombe mwaka 1923 kwa nia iliyo wazi: vijana wa mataifa yaliyotoka kuuana wakutane tena mahali pamoja, na hasa timu za nchi zinazozungumza Kijerumani, ambazo wengi hawakutaka kucheza nazo. Oxford walikubali kwenda. Miaka mitano tu ilikuwa imepita tangu bunduki zinyamaze. Walitwaa kombe hilo la kwanza, wakalirudia mwaka 1925, tena 1931. Kombe la Spengler lingali linachezwa Davos kila mwaka baada ya Krismasi, siku hizi hasa kwa klabu za kulipwa.

Katika timu ya miaka ya 1920 alipita pia Clarence Campbell, mwanasheria, aliyekuja kuwa rais wa NHL, ile ligi kubwa kuliko zote duniani, kuanzia 1946 hadi 1977. Mtu mgumu. Machi 1955 alimfungia mchezaji Maurice Richard, kipenzi cha Wakanada wa Kifaransa, na mji wa Montreal ukawaka ghasia usiku wa tarehe 17. Wako wanaosema ghasia zile zilitangulia mwamko wa kisiasa wa Quebec.

Kisha yuko George Stanley, ambaye kwangu ndiye mtamu kuliko wote kusimulia. Mzaliwa wa Calgary, alifika chuo cha Keble mwaka 1929 kwa ufadhili wa Rhodes, akawemo katika timu iliyotwaa kombe la Davos mwaka 1931. Alirudi kuwa mwanahistoria na kufundisha katika chuo cha kijeshi cha Kingston. Mwaka 1964 Waziri Mkuu Pearson alitaka Kanada iwe na bendera isiyo na alama ya Uingereza, na Bunge likagombana miezi mingi. Tarehe 23 Machi mwaka huo Stanley aliandika waraka kwa mbunge mmoja wa upande wa serikali akishauri: nyekundu, nyeupe, nyekundu, na jani moja la mti wa maple katikati, bila nembo inayokumbusha chuki za zamani. Bendera hiyo ilipandishwa tarehe 15 Februari 1965. Aliyeipigania na aliyeichora kwa maneno wote walikuwa wamevaa jezi ya buluu iliyokoza ya Oxford, kwa kupishana miaka michache.

Mji wenyewe uliwahi kupata uwanja mwaka 1930, katika barabara ya Botley, lakini baada ya muda mfupi ukageuzwa sinema. Uwanja wa sasa, wa barabara ya Oxpens, ulifunguliwa mwaka 1984. Paa lake limening'inizwa kwa nyaya kutoka milingoti miwili mirefu, kazi ya msanifu Nicholas Grimshaw, na wenyeji wakaupa jina la jahazi maarufu la Cutty Sark. Cambridge walisubiri zaidi. Mchezaji wao wa zamani, David Gattiker, alitoa paundi milioni moja ili wajengewe uwanja, na bado haukufunguliwa hadi mwaka 2019.

Chini ya milingoti hiyo ya Oxpens, mapema miaka ya 1990, alicheza Mark Carney, mwanafunzi wa uzamili na kisha uzamivu wa uchumi, aliyewahi kuwa golikipa wa akiba Harvard. Huko Oxford alikuwa nahodha mwenza. Baadaye aliongoza Benki Kuu ya Kanada, kisha ya Uingereza, na tarehe 14 Machi 2025 akaapishwa kuwa Waziri Mkuu wa Kanada, wa pili kutoka klabu hii baada ya Pearson. Timu alikotoka bado inakutana na Cambridge kila mwaka, na wanawake nao wana timu yao.